Gia Zinapokataa Kuingia: Mashauri kwa Mwenye Gari la Zamani

Katika magari makuukuu ambayo bado huonekana katika njia za Nairobi, moja linalopendwa sana ni Kombi ya Volkswagen. Gari la namna hii lilianza kuundwa Ujerumani mwaka 1950. Umbo lake la pili, lenye kioo kimoja kipana mbele, liliundwa huko tangu mwaka 1967 hata 1979, na katika Brazil Kombi ziliendelea kutoka kiwandani mpaka Desemba 2013. Katika Kenya nyingi zilitumiwa kuwachukua watalii, mapaa yake yakiinuliwa ili wageni wasimame na kutazama wanyama. Nyingine zilitiwa kitanda, meko na kabati, zikawa kama nyumba za kutembea. Zilizobakia zimepita mikononi mwa watu wengi, na mara nyingi aliyenazo sasa si tajiri, bali ni mtu wa kazi aliyeweka akiba yake yote katika gari hilo.

Gari la umri huo lina maradhi mengi, lakini hakuna linalomtia mwenyewe hofu kama gia zinapokataa kuingia. Breki ikilia, mtu hununua viatu vya breki. Taa ikizimika, hununua globu. Lakini gia zikikataa, neno la kwanza linalosikika ni kwamba giaboksi imekufa. Neno hilo ni zito, na aghalabu si kweli. Makusudi ya mashauri haya ni kumwonyesha mwenye gari jinsi ya kuutafuta ugonjwa wa gia kwa utaratibu, akianza nje na kuingia ndani, akianza na kilicho rahisi na kumalizia kilicho ghali.

Mfano wa mtu wa Lindi

Na achukuliwe kwa mfano mtu mmoja mkaazi wa Lindi, katika Kibera. Vichochoro vya Lindi havipitishi gari, kwa hiyo Kombi yake hulala kando ya njia kubwa, mahali penye mlinzi. Siku za soko huondoka alfajiri, akafuata Kibera Drive mpaka Ngong Road, akaingia Naivasha Road na kufika Kawangware, ambako hupakia viazi, kabichi na sukuma wiki za wanawake wenye vibanda. Siku za mapumziko hukodiwa na vijana wanaotaka kwenda kulala porini, kwani kitanda na meko ya zamani vingalimo. Gari hilo ndilo shamba lake, na ndilo linalolipa karo ya watoto.

Basi mwezi mmoja akaona gia ya pili yaingia kwa shida. Baadaye gia ya nyuma ikawa haipatikani ila kwa kubahatisha. Mtu mmoja kando ya njia akatikisa mkono wa gia mara mbili, akatikisa na kichwa, akasema giaboksi imekwisha na yatakiwa nyingine. Bei aliyoitaja ilikuwa karo ya muhula mzima. Mwenye gari akarudi nyumbani akiwaza ni mtoto yupi atakayekaa bila kwenda shule.

Kwa bahati njema, kabla ya kutoa fedha, alikwenda kwa fundi mzee. Fundi hakushika spana. Alimwuliza, "Mzee, injini ikiwa imezimwa, gia zote zaingia?"

Mwenye gari akajibu, "Sijajaribu, fundi."

"Na kanyagio la klachi, lilibadilika lini?"

"Hilo silo lililoharibika. Shida ni ya gia."

Fundi akasema, "Mzee, mtu akiumwa na kichwa, daktari humtazama hata ulimi. Twende tukalijaribu."

Maneno hayo machache yana elimu kubwa, nayo ndiyo yanayoelezwa hapa chini. Yaliyopatikana katika Kombi ile yataonekana kila jambo likifika mahali pake.

Njia ya amri ya dereva

Kwanza yafaa kujua jinsi amri ya dereva inavyosafiri. Katika Kombi, dereva hukaa juu ya magurudumu ya mbele, na injini na giaboksi ziko nyuma kabisa. Kwa hiyo amri yake hupita chini ya gari zima kabla ya kufika. Amri hizo ni mbili. Ya kwanza ni ya mguu wa kushoto: akikanyaga klachi, kebo ya chuma huvutwa toka mbele mpaka nyuma, na klachi huitenga injini na giaboksi. Ya pili ni ya mkono: akisogeza mkono wa gia, fimbo ndefu zilizo chini ya sakafu huzunguka kidogo, tena husukumwa mbele au nyuma, mpaka kwenye kiungo kilicho karibu na giaboksi. Hapo ndipo gia inapochaguliwa.

Basi ugonjwa waweza kukaa mahali patatu: katika klachi, katika fimbo na viungo vyake, au ndani ya giaboksi yenyewe. Mahali pawili pa kwanza hutazamwa kwa kulala chini ya gari na taa mkononi. Lakini kuitoa giaboksi ya Kombi huanza kwa kuishusha injini, nayo ni kazi ya siku, si ya saa. Kwa hiyo anayeanza na giaboksi ameanza safari kutoka mwisho.

Kueleza ugonjwa kwa maneno

Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humwumbua. Wako wenye magari wanaoficha mambo kwa kuona haya: kwamba gari lilipakiwa kupita kiasi, kwamba kijana wa jirani alilijifunzia, au kwamba limeegeshwa miezi mitatu bila kuwashwa. Fundi asiyeambiwa ukweli hulazimika kubahatisha, na kubahatisha kwake hulipwa na mwenye gari.

Kabla ya kwenda kwa fundi, mwenye gari na atwae daftari aandike majibu ya maswali haya. Je, shida ni ya gia zote au ya moja tu? Je, ipo gari likiwa baridi, au likisha pata moto, au nyakati zote? Je, ilianza ghafula, au iliongezeka siku kwa siku? Je, gia yakataa kuingia, au yaingia kisha yaruka yenyewe? Je, pana mlio, na mlio huo hubadilika klachi ikikanyagwa? Shida iliyozuka ghafula mara nyingi ni kitu kilichokatika au kufunguka, kama kebo au skrubu. Iliyokuja polepole mara nyingi ni kitu kinacholika.

Jambo moja lisimtie mtu hofu bure. Asubuhi ya baridi mwezi wa Julai, hasa pande za Limuru ambako nchi imeinuka zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari, oili ya gia huwa nzito, na gia ya pili yaweza kuwa ngumu kwa mwendo mfupi wa kwanza. Ikilainika baada ya gari kupata moto, na hapana mlio, huo ni uzee tu, si ugonjwa.

Jaribio la kwanza: injini imezimwa

Gari na lisimame mahali tambarare, magurudumu yakiwa yamekingwa kwa mawe, na injini imezimwa. Dereva akanyage klachi, atie gia zote moja moja: ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne, na ya nyuma. Katika Kombi ya umbo la pili, gia ya nyuma hupatikana kwa kuukandamiza mkono wa gia chini, kuupeleka kushoto, kisha kuuvuta nyuma. Gia moja ikigoma, dereva aurudishe mkono mahali pasipo na gia, gari lisukumwe kidogo, ajaribu tena. Kwa maana meno yakikutana kichwa kwa kichwa hayaingiani, na hilo si kosa.

Ikiwa gia zote zaingia vizuri injini ikiwa imezimwa, lakini zakataa au zasaga injini ikiwashwa, shaka kubwa ni ya klachi. Ikiwa ni ngumu hata injini imezimwa, au mkono wa gia walegea na kuzunguka kama mwiko katika chungu, shaka ni ya fimbo na viungo vyake. Jaribio hili halihitaji senti moja, wala halichukui dakika tano, lakini hugawa kazi nzima katika mafungu mawili.

Jaribio la pili: klachi

Injini na iwashwe, ikinguruma polepole. Dereva akanyage klachi mpaka chini, ahesabu pole pole mpaka tano, kisha atie gia ya nyuma. Gia ya nyuma haina pete za kulinganisha mwendo zilizo katika gia za mbele. Kwa hiyo husema kweli upesi. Ikisaga baada ya kungoja hivyo, maana yake klachi haiachii sawasawa, na injini yaendelea kuzungusha giaboksi ijapokuwa mguu umekanyaga.

Sababu zake ni kadha wa kadha, nazo zatazamwa kwa zamu. Ya kwanza ni kebo iliyolegea. Kanyagio la Kombi lapasa kuwa na mwendo mtupu wa milimita 10 mpaka 20 kabla halijaanza kuvuta. Mwendo huo ukizidi, klachi haiachii. Ukikosekana kabisa, klachi haishiki vizuri nayo huungua. Dawa ni nati yenye masikio iliyo mwisho wa kebo, karibu na giaboksi, ambayo huweza kuzungushwa kwa vidole. Ya pili ni kebo yenyewe: ikiwa nyuzi zake zimeanza kukatika, kuikaza ni kuahirisha msiba. Na ibadilishwe kabla haijakatika katikati ya Valley Road, gari limejaa, na msururu wa matatu uko nyuma likipiga honi.

Ya tatu huwapata hasa wenye magari ya kulala ambayo hukaa sana bila kutembea. Wakati wa masika, baina ya Machi na Mei, unyevu huingia, na sahani ya klachi hugandamana na gurudumu zito la injini. Gari likiwashwa baada ya miezi, gia haziingii kabisa. Ugonjwa huu hauji kwa sababu ya kazi, ila kwa sababu ya uvivu. Gari linalowashwa na kutembezwa kila juma halipatwi nao. Sababu nyingine, kama beringi ndogo iliyokauka katikati ya gurudumu lile, au sahani iliyopinda, hazionekani mpaka injini ishushwe. Kwa hiyo zinakuja mwisho.

Pana na ugonjwa ulio kinyume cha huo, yaani klachi inayoteleza. Dereva akipanda mlima katika gia kubwa na kukanyaga mafuta, injini hupiga kelele lakini gari haliongezi mwendo, na harufu kama ya kitu kinachoungua husikika. Hapo gia hazina kosa. Kebo ikiwa na mwendo mtupu unaotakiwa na bado klachi yateleza, sahani imelika au imelowa oili.

Kombi ya yule mtu wa Lindi ilipojaribiwa, mwendo mtupu wa kanyagio ulikuwa umezidi sana. Fundi akakaza nati, na msago wa gia ya nyuma ukapungua. Lakini mkono wa gia ulikuwa bado umelegea, na gia ya pili ilikuwa bado ya kubahatisha. Ndipo fundi akaingia chini ya gari.

Jaribio la tatu: fimbo na viungo vyake

Kazi hii yataka watu wawili. Mmoja akae mahali pa dereva, injini ikiwa imezimwa, ausogeze mkono wa gia taratibu. Mwingine atazame chini jinsi fimbo zinavyofuata. Mkono ukisogea na fimbo isisogee, au ikachelewa, mahali pale ndipo penye ugonjwa.

Vitu vya kutazamwa ni vinne. Kwanza, bushi zinazoshikilia fimbo. Hizi ni pete ndogo, nyingine za plastiki, ambazo hukauka na kuvunjika kwa umri na vumbi. Bushi ikiisha, fimbo huning'inia na mkono wa gia hutetema gari likienda. Pili, kiungo cha kati ya fimbo na giaboksi. Mpira wake huoza, na skrubu yake hufunguka kwa mitikisiko ya njia mbaya. Skrubu hiyo hufungwa ili isizunguke yenyewe. Aliyeifungua bila kuifunga tena amemwachia mwenzake mtego. Tatu, bamba lililo chini ya mkono wa gia, ambalo kazi yake ni kumzuia dereva asiingie gia ya nyuma bila kukusudia. Likilika, au likirudishwa vibaya, gia ya pili na ya nyuma huchanganyika. Nne, mipira inayoshikilia giaboksi na injini. Mipira hiyo ikipasuka, giaboksi husogea kila gari linapoondoka au kusimama, na fimbo iliyopimwa vizuri jana inakuwa fupi au ndefu leo. Gia inayoruka yenyewe dereva anapoondoa mguu kwenye mafuta mara nyingine hutokana na mpira huo, si na meno.

Katika Kombi ya mfano huu, bushi ya kati ilikuwa imevunjika vipande viwili, na kiungo cha nyuma kilikuwa kimelegea. Vitu vyote viwili vyaweza kubebwa katika kiganja cha mtu. Fundi akamtuma mwenye gari Kirinyaga Road, ambayo wengi huiita bado Grogan kwa jina lake la zamani, mahali pa maduka ya vipuli. Alimwambia achukue vipande vya ile iliyovunjika ili alinganishe, kwani vipuli vya Kombi za miaka mbalimbali hufanana kwa macho lakini havifanani kwa kipimo. Jioni ile gia zote zikaingia. Giaboksi iliyosemekana imekufa haikuguswa, na watoto wote walirudi shule muhula ulipofunguliwa.

Oili ya gia

Hata fimbo na klachi zikiwa nzima, giaboksi haiwezi kufanya kazi bila oili. Kombi haina kijiti cha kupimia oili hii. Pana kizibo ubavuni mwa giaboksi. Gari likiwa tambarare, oili yapasa kufika kwenye ukingo wa chini wa tundu hilo. Watu wengi hubadili oili ya injini kwa uaminifu, wakaisahau ya gia miaka kumi.

Hapa pana kanuni moja ambayo imewaokoa mafundi wengi aibu: fungua kizibo cha juu cha kujazia kabla ya kufungua cha chini cha kumwagia. Kwani cha juu kikiwa kimeshika kutu na kukataa, na oili imekwisha kumwagwa, gari haliwezi kuondoka mahali pale.

Oili inayotoka isomwe kama barua. Ikiwa nyeupe kama maziwa, maji yameingia, pengine gari lilivuka mto uliofurika. Ikiwa ina unga mwembamba wa chuma, huo ni mliko wa kawaida wa uzee. Ikiwa ina vipande vinavyoshikika kwa vidole, hapo kweli kuna kitu kinachovunjika ndani, na gari lisiendeshwe tena mpaka giaboksi ifunguliwe. Oili mpya na iwe ya namna iliyoandikwa katika kitabu cha gari. Kwa Kombi hizi hutakiwa ile yenye alama ya GL-4. Oili nyingine zenye nguvu zaidi zaweza kudhuru pete za shaba nyekundu na shaba ya manjano zilizo ndani.

Tena oili chafu isimwagwe mtaroni. Lindi iko upande wa chini wa Kibera, karibu na bwawa la Nairobi lililojengwa mwaka 1953, na kila kinachomwagwa juu hushuka huko na mvua. Na itiwe ndani ya dumu, ipelekwe kwa wanaokusanya oili kuukuu.

Dalili za ugonjwa wa ndani

Ikiwa klachi yaachia vizuri, fimbo zimekaza, mipira ni mizima, oili imejaa, na shida ingaliko, ndipo giaboksi inaweza kushitakiwa. Hapo pia dalili husema. Gia moja tu ikisaga wakati wa kuingia, hasa ya pili au ya tatu, na nyingine zote ni njema, pete ya kulinganisha mwendo ya gia hiyo imelika. Gari laweza kutumika muda kwa dereva anayekanyaga klachi mara mbili: akitoa gia, akaachia klachi, akakanyaga tena ndipo atie gia. Mlio ukisikika katika gia moja tu, meno ya gia hiyo yameumia. Mlio wa kuvuma ukisikika katika gia zote na kuongezeka kwa mwendo, beringi zachoka. Mlio unaosikika gari likiwa limesimama, ukanyamaza klachi ikikanyagwa, ni wa beringi ya mbele ya giaboksi. Lakini unaoanza klachi inapokanyagwa ni wa beringi ya klachi, nayo si giaboksi. Gia inayoruka yenyewe, na mipira na fimbo zimekwisha tazamwa, yaonyesha mliko wa ndani, na haifai kupuuzwa hata siku moja.

Magari mengine

Wenye Toyota HiAce au Nissan Caravan za zamani, zilizo nyingi zaidi kuliko Kombi, wasidhani haya hayawahusu. Utaratibu ni ule ule, ila klachi ya magari hayo mengi huendeshwa kwa mafuta kama ya breki, si kwa kebo. Basi kitu cha kwanza ni kutazama kikopo cha mafuta hayo. Yakipungua, pana mahali panapovuja. Tena dereva akanyage klachi mara tatu upesi upesi, kisha atie gia; ikiingia vizuri kuliko alipokanyaga mara moja, hewa imeingia katika mpira wa mafuta, au silinda moja yavuja. Kasoro hiyo nayo mara nyingi hubandikwa jina la giaboksi.

Hatari ya mteremko

Gari la gia mbaya si la kuchezea. Atokaye Limuru kwenda Mai Mahiu hushuka katika Bonde la Ufa kwa njia iliyojengwa na wafungwa wa Kitaliani wakati wa Vita Kuu ya Pili. Katika mteremko kama huo gia ndogo ndiyo inayozuia gari, na breki ni msaidizi tu. Gia ikiruka hapo, uzito wote huangukia breki. Breki hupata moto, na zikipata moto sana hazishiki. Kwa hiyo dereva aingie gia ndogo juu, kabla ya mteremko kuanza, wala asiende chini bila gia kwa nia ya kubana mafuta. Gari ambalo gia yake huruka lisipakiwe abiria mpaka litengenezwe. Mzigo wa kabichi ukianguka, hununuliwa mwingine.

Na anayeingia chini ya gari asitegemee jeki peke yake. Aweke vigogo imara au stendi za chuma, akinge magurudumu, hasa mahali penye mteremko na matope. Jeki huteleza bila kutoa habari.

Mwenye gari na fundi wake

Haya yote hayakuandikwa ili kila mtu ajifanye fundi. Mafundi wa jua kali ni watu wenye ujuzi mwingi, na wengi wao ni waaminifu. Lakini mwenye gari anayefika na daftari lake, akasema, "Injini ikizimwa gia zaingia, ikiwashwa ya nyuma yasaga, kanyagio nimelipima," amemrahisishia fundi kazi nusu, tena amemfunga mlango yule asiye mwaminifu. Na aombe vipuli vilivyotolewa avione na kuvishika. Aandike tarehe, kilichobadilishwa, na kilomita zilizosomeka siku ile, ili ugonjwa ukirudi pawe na pa kuanzia.

Na atakapoambiwa tena kwamba giaboksi imekufa, asibishane wala asilie. Aulize maswali matatu tu: Je, klachi imejaribiwa? Je, fimbo na bushi zimetazamwa? Je, oili imesomwa? Asiyeweza kuyajibu hayo bado hajaupata ugonjwa, na fedha za mwenye gari zibaki mfukoni mpaka upatikane.